Kifutio Anamrudisha Mtu wa Getini

Saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshapanda juu ya mabati, na kwenye kibaraza cha nyumba yenye mlango wa kijani kuna mtu ameketi juu ya stuli akiwa amejifunika shuka gubigubi. Shuka linatikisika. Kwa chini imechomoza miguu miwili yenye kandambili, na kwa ndani inasikika sauti ya mtu anayezungumza peke yake.

"Haya, bega. Bega lako liko wapi, baba? Usinifiche bega."

Muuza mkaa anapita na mkokoteni wake, anatupa jicho, anaendelea na safari. Ameshazoea. Wanaosita ni wageni wa mtaa. Majirani wanasimulia kwamba kuna mama mmoja aliwahi kusimama hapo akauliza kwa adabu kupiga ramli ni bei gani.

Hapapigwi ramli hapo. Chini ya shuka yuko mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, simu yenye ufa kwenye kona, na kikopo cha poda ya watoto. Shuka linazuia jua lisimulike kioo cha simu. Poda ni ya kidole: kila baada ya dakika chache anachovya ncha ya kidole cha shahada ili kisigande kwenye kioo kwa jasho. Mtaa mzima unamwita Kifutio, na mwenyewe anaitika.

Anarekebisha picha na video za watu kwa programu iliyomo ndani ya simu hiyo. Leo ni Jumatano. Ikifika Jumapili saa tisa alasiri, anatakiwa awe amemrudisha kwenye picha ya harusi mtu ambaye alimfuta yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita.

"Kumfuta nilitumia sekunde tatu," anasema, akitoa kichwa nje ya shuka, jasho likimtiririka. "Kumrudisha, leo siku ya tisa. Na miguu bado sina."

Miguu? Mwandishi anaomba aoneshwe. Kifutio anamsogezea stuli ya pili na kumfunika naye shuka.

Kabla ya simu, alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Wateja walipoanza kupenda nguo zilizoshonwa tayari, cherehani ikawa meza ya kuwekea vyombo. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa anakwenda kuanza kazi mbali, alimwachia simu ya zamani na ile programu ndani yake.

Picha ya kwanza aliyoirekebisha ilikuwa ya marehemu mama yake. Ni picha nzuri, mama amekaa kwenye kiti, ila nyuma yake kuna kamba ya kuanikia nguo, na kwenye kamba hiyo zimening'inia nguo za ndani za baba mwenye nyumba.

"Miaka kumi na minne picha ile ilikuwa kabatini kwa sababu ya nguo za mtu," anasema. "Nikaweka kidole, nikapaka, zikatoweka. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaenda kumwonesha jirani."

Jirani naye alikuwa na picha yake. Na jirani ana dada.

Kifutio anaeleza kazi hii kwa lugha ya cherehani, na ukimsikiliza unaona haijamtoka. Ukitoboa kitambaa, anasema, unaziba kwa kitambaa cha papo hapo: ukuta kwa ukuta, majani kwa majani, na mistari ifuatane. Programu inaziba yenyewe, lakini haina jicho la fundi. Mara nyingine inaota mlango mahali pasipokuwa na mlango, na mara moja ilimpa bwana harusi sikio la tatu.

Picha moja anaifanya kwa bei ya mkate. Video fupi ya kutangazia duka, yenye muziki na maandishi yanayoruka, ni bei ya mikate minne. Wiki ikiwa nzuri anafikisha picha arobaini. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, anasema kwa wivu wa utani kwamba mkewe anaingiza hela akiwa ameketi kivulini.

Mwandishi alidhani watu humjia ili wapendezeshwe. Kumbe wengi wanataka wengine watoke. Toa pikipiki. Toa ndoo. Toa mbwa. Toa yule wifi. Huyo wa wifi alirudi baada ya wiki mbili kuomba arudishiwe wifi yake mahali pake, maana walikuwa wameshapatana na wifi anakuja kula mchana.

"Mimi bado sijafutwa," anadakia mumewe kutoka ndani. "Lakini naishi kwa tahadhari."

Na sasa huyu wa getini.

Jumanne ya wiki iliyopita, muuguzi wa miaka ishirini na minane alifika kwenye mlango wa kijani akiwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni na picha yenye fremu mkononi. Kifutio alimkumbuka mara moja, kwa sababu picha ile ya harusi ilikuwa moja ya kazi zake za mwanzo na alijivunia. Bibi harusi, bwana harusi na ndugu wamesimama uani, nyuma yao ukuta mweupe na geti la chuma. Watu wa nyuma wote, kumi na mmoja, aliwaondoa.

"Mama," muuguzi alimwambia, "getini palikuwa na mtu. Mwenye shati la bluu. Ni baba yangu."

Baba huyo aliondoka nyumbani binti akiwa na miaka tisa. Alikuwa na yake, anasema muuguzi, na hakutaka kuyaeleza zaidi gazetini. Kwa miaka kumi na saba hakuonekana. Siku ya harusi ya binti yake alikuja, akafika getini, akashika nondo za geti, akasimama hapo. Aliyemwona ni shangazi peke yake, dada wa huyo baba, ambaye alimpelekea maji na kumbembeleza aingie. Alikataa. "Leo si siku ya kesi," alisema, akamsihi dada yake asimwambie mtu.

Shangazi alinyamaza miaka miwili. Lakini mtoto alipozaliwa, baba alituma salamu kuuliza kama anaweza kuja kumwona mjukuu wake. Muuguzi akakubali, ikapangwa Jumapili hii. Wakiwa kwenye mipango hiyo, muuguzi akasema kwa uchungu, "Hata harusini kwangu hakuja." Hapo shangazi akashindwa kujizuia.

Muuguzi alikimbilia picha ukutani. Hakuna mtu getini. Akawasha taa ya simu, akasogeza macho karibu kabisa na kioo. Kwenye nondo ya tatu ya geti aliviona vidole vinne. Havikuwa na mkono wala mwenyewe. Vilikuwa vimeshika tu.

Miaka miwili picha ilining'inia sebuleni na hakuna aliyeviona.

"Niliona aibu ya fundi," anasema Kifutio. "Ni kama kumkabidhi mteja gauni na uzi unaning'inia. Halafu ndiyo nikaona aibu nyingine, ile kubwa."

Muuguzi ana aibu yake pia, na anaisema bila kuzunguka. Alipoleta picha ile, Kifutio alimwonesha kwenye simu na kumuuliza nani atoke. Muuguzi akaonesha kwa kidole, mmoja mmoja.

"Nilimwonesha na yeye," anasema, akimtikisa mtoto anayelala. "Nilisema, 'Na huyo wa getini.' Nilimtazama usoni, nikasema atoke."

Anataka nini hasa? Jibu lake ni fupi. Baba akiingia sebuleni Jumapili, asikute ukuta ambao yeye hayumo.

Picha ya asili haikuwepo. Binamu wa bwana harusi aliyeipiga, simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwaka jana. Kifutio naye aliifuta nakala yake wiki ile ile aliyomaliza kazi, kwa sababu ambayo kila mwenye simu ndogo anaijua: simu ilikuwa imejaa.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli. Alitoa masanduku chini ya kitanda, akachungulia kadi za zamani za kumbukumbu moja moja, akapigia simu wateja walioacha kumsalimia. Alichopata uvunguni ni tondoo, ile kofia ya kidole ya kushonea, aliyoipoteza siku nyingi na panya aliyekerwa.

Siku ya nne, mume wake alikuwa bafuni.

"Mama watoto! Hebu njoo huku! Huyu si mtu wako?"

Zamani, alipokuwa anatafuta wateja, Kifutio alichapisha tangazo la ukubwa wa daftari, likavikwa plastiki na kubandikwa mlangoni. Upande mmoja liliandikwa KABLA, upande wa pili BAADA. Kazi aliyoichagua kuonesha ujuzi wake ilikuwa ile ya harusi. Alipobadilisha tangazo, hili la zamani alilipachika kwenye dirisha la bafu mahali pa kioo kilichovunjika, na picha zikaangalia ndani.

"Kumbe mwaka mzima baba wa watu ananitazama nikioga!" anasema Kifutio, na anacheka mpaka shuka linaanguka.

Katika ile KABLA, mtu wa getini ana kimo cha njiti ya kiberiti. Uso wake hauzidi punje ya hindi. Shati limepauka lakini bado ni la bluu. Kuanzia kiunoni kushuka hakuna kitu. Unyevu uliingia kwenye plastiki na kula karatasi, pamebaki doa jeusi. Hiyo ndiyo sababu ya kukosa miguu.

Kifutio aliipiga picha karatasi hiyo mara thelathini, asubuhi, mchana na jioni, akitafuta mwanga usiong'aa kwenye plastiki. Kisha akaanza kumkata mtu huyo pembeni mwa shati, nukta kwa nukta, kwa kidole chenye poda.

Chini ya shuka anamwonesha mwandishi jambo lililompotezea siku mbili nzima. Programu ina kitufe cha kusafisha nyuso. Anakibonyeza. Duara linazunguka, linazunguka, kisha ile punje ya hindi inafunguka na kuwa uso: mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, ngozi laini, meno yamejipanga, anatabasamu.

Ni uso mzuri. Mwandishi anauliza, si kazi imekwisha?

"Huyu ni nani?" Kifutio anamuuliza.

Mwandishi anasema hamjui.

"Hata mimi simjui. Programu haikumsafisha, imemzaa. Bonyeza tena uone." Anabonyeza tena. Safari hii anatokea mwanamume mwingine, ana sharubu.

Siku ya sita alimwita shangazi, akamwekea mbele nyuso tatu: wa meno, wa sharubu, na ule wa asili wenye ukungu, ambao huoni pua wala mdomo. Shangazi, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza na asiyependa kupotezewa muda, aliwapita wale wawili kama watu wa foleni. Akaweka kidole kwenye ukungu.

"Huyu hapa. Si unaona bega moja limeshuka? Tangu utotoni. Mama alikuwa anamgombeza, 'Simama sawa.' Hawa wengine ni wachumba wa nani?"

Kwa hiyo uso utabaki na ukungu wake. Kuhusu suruali, shangazi alikumbuka ilikuwa ya kijivu, ya suti, na haikuwa yake. Aliiazima kwa ajili ya harusi, akafika nayo mpaka getini.

Alhamisi asubuhi, Kifutio anamsimamisha mume wake kwenye geti mojawapo la karakana yake ya kuchomelea, amevaa suruali ya kijivu ya jirani, na kumpiga picha kutoka umbali wa hatua ishirini. Mume analalamika kwamba ana kazi ya watu. Anaambiwa akunje goti kidogo. Anakunja. Jioni, miguu ya fundi wa kuchomelea iko chini ya shati la bluu, na kivuli kimelazwa upande mmoja na vivuli vya wengine.

Mwandishi hakuweza kuvumilia asiulize. Kama uso wa kubuni ni uongo, miguu ya kuazima je?

Kifutio anafikiri, kidole kikiwa ndani ya poda. "Miguu haina ubaya. Hakuna mtoto anayemkumbuka baba yake kwa suruali. Lakini uso... uso nikikosea, nimemletea mtu baba mwingine."

Ijumaa likazuka jambo zito zaidi. Muuguzi alifika kuona kazi, akafurahi, kisha akasema alichokuwa nacho moyoni. Je, haiwezekani kumtoa pale getini? Amsogeze. Amweke hapa, kati yake na shangazi, pana nafasi.

Inawezekana, tena ni kazi ya dakika tano. Kifutio aliifanya papo hapo, muuguzi akaona. Baba yuko kando yake, mwenye ukungu usoni, bega limegusana na gauni jeupe. Muuguzi akaanza kulia.

"Nitakupa hii ukiitaka," Kifutio alimwambia. "Picha ni yako. Lakini nikuulize, mwanangu. Akiiona hii, atajuaje kwamba ulimwona? Yeye anajua alisimama wapi."

Muuguzi alimbeba mtoto akaondoka bila kusema achukue ipi. Kifutio anakiri kwamba usiku ule hakula vizuri. Alishawahi kuamua nani atoke kwenye picha ya watu, na sasa anajiona kama anaamua nani akae wapi. "Nani kanipa kazi hiyo?" anauliza.

Jumamosi saa nne, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya muuguzi: "Mwache getini, mama."

Mwandishi hakuwepo Jumapili. Alisimuliwa na watu watatu, yaani Kifutio aliyepeleka fremu mwenyewe, muuguzi na shangazi, na kila mmoja ana habari yake kuhusu nani alilia kwanza. Haya ndiyo wanayokubaliana.

Mzee alifika saa tisa kasoro, akasimama getini. Shangazi akamfokea kwamba safari hii hampelekei maji hapo, ayafuate ndani. Akaingia. Akampokea mjukuu, akamshika kama mtu anayebeba sahani iliyojaa. Kisha akainua macho ukutani.

Alisogea. Neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa: "Suruali hiyo si yangu."

"Na siku ile haikuwa yako!" akajibu shangazi, na nyumba nzima ikaangua kicheko, hata Kifutio.

Baada ya kicheko, muuguzi alimweleza yote. Hakumficha kitu. Alikwenda chumbani akaleta ile picha ya zamani na kumwambia, "Baba, mimi ndiye niliyesema ufutwe. Nilikutazama na sikukujua."

Mzee hakukasirika. "Nilisimama mbali ili nisijulikane," alisema. "Ungenijuaje?"

Akaichukua ile picha ya zamani, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ilimchukua muda kuviona. Alipoviona vidole vinne kwenye nondo ya tatu, aliweka mkono wake juu ya kioo, kidole juu ya kidole.

"Hiyo ya ukutani ibaki kwenu," alisema. "Hii naomba niondoke nayo."

Akaondoka nayo kwapani, imefungwa kwa gazeti, akiwa ameahidi kurudi Jumapili inayofuata.

Jumatatu, Kifutio yuko tena chini ya shuka. Kuna video ya muuza kuku inayosubiri muziki na picha sita zinazosubiri kufutiwa watu. Ila sasa hafuti kabla ya kukata kila uso, kuukuza na kumtumia mteja na swali moja: Huyu nani? Wengine wanaona anawachelewesha. Wengi wanajibu "simjui" na kazi inaendelea. Mmoja alikaa saa nzima bila kujibu, kisha akaandika: Mwache.

Nyuso za wale wanaotoka anazihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ya pembeni, ndani ya kikopo kitupu cha poda. Tangu siku ya muuguzi zimefika ishirini na sita: mwanamke anayekula hindi la kuchoma, mzee anayefunga kamba ya kiatu, watoto wawili wanaokimbiza tairi. Mpango wake ni kununua simu yenye kioo kikubwa na nafasi ya kutosha, ili asilazimike tena kufuta kitu kwa sababu simu imejaa. Anakadiria itamchukua miezi saba.

Mlangoni amebandika tangazo jipya. Halina KABLA wala BAADA. Ameliandika kwa mkono, herufi za fundi, zimenyooka: KUULIZA SI UJINGA.

"Na akija mtu miaka kumi ijayo," anasema, akigonga kile kikopo kwa ukucha, "akaniambia nilimfutia mama yake, nitamwambia akae hapo kwenye stuli. Yumo humu."

Anachovya kidole kwenye poda na kujifunika shuka.